Kazi Nyingine Yoyote Atakayopangiwa

Wadogo zangu wa ofisi ya uzamili, siku ile ya keki na hotuba za kuniaga mliniomba niwaandikie namna ya kushughulikia mikataba ya wanafunzi wasaidizi. Namna yenyewe ni fupi na mnaijua: unachapa nakala tatu, unapeleka kwa mkurugenzi, unasubiri. Kusubiri ndiko kwenye kazi. Ninayoandika hapa ni yale yasiyokaa kwenye faili. Vyeo nilivyopandishwa na vile nilivyorukwa sitavitaja. Havikunifundisha kitu.

Mimi ni mtoto wa hapahapa mjini. Babu wa babu yangu alikuja na misafara ya biashara, akachoka njiani, akaoa, akabaki, na tangu hapo ukoo wetu umekaa nyuma ya meza ya duka. Baba aliuza kanga na vitambaa vya suruali. Chuo kilipoajiri makarani aliniambia, "Zuhura, nenda kauze elimu. Haina nondo." Nondo alimaanisha wale wadudu wanaotoboa nguo. Baadaye nikaja kujua kwamba elimu nayo inao wake, ila wao huvaa tai.

Siku yangu ya kwanza majengo yalikuwa bado yananuka saruji mbichi. Ulikuwa msimu wa upepo, na vumbi jekundu lilipita chini ya mlango kama mgeni asiyebisha hodi. Nilifuta meza asubuhi, nikaifuta tena kabla ya chai, kisha nikakubaliana nayo. Niliyekabidhiwa kwake alikuwa Mzee Mdachi, Mgogo mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliyewahi kufanya kazi hii katika vyuo vingine viwili kabla ya kuletwa kwetu. Aliniwekea mkataba mbele yangu.

"Soma."

Nikausoma kimoyomoyo, nikamwambia nimemaliza.

"Sijasikia."

"Nimesoma kimya, mzee."

"Kimya wanasoma wenye raha. Wewe soma kwa sauti. Kiingereza kwanza, halafu uniambie kwa Kiswahili maana yake kama unamweleza shangazi yako."

Nikasoma. Na kwa kuwa huenda maandishi haya yakaangukia mikononi mwa mtu asiye wa ofisi yetu, acheni nami nimweleze huyo kama shangazi. Mwanafunzi msaidizi ni kijana anayesoma shahada ya juu huku akisaidia kufundisha wale wa chini yake. Chuo kinamsamehe ada, kinampa chumba hosteli na kitu kidogo cha kujikimu. Yeye anaongoza semina, anasahihisha majaribio, anasimamia mitihani, saa zisizozidi ishirini kwa wiki. Kutoa mhadhara si kazi yake. Mhadhara ni wa mwalimu. Usaidizi wake unakoma siku anapowasilisha tasnifu. Na msimamizi wa tasnifu yake ndiye pia msimamizi wa kazi yake.

Hiyo sentensi ya mwisho irudieni. Anayekupangia kazi ndiye anayeamua kama umefaulu.

Nilipofika sharti la mwisho kabisa, Mzee Mdachi aliinua kidole. "Hilo lisome polepole." Lilisema kwamba msaidizi atafanya pia kazi nyingine yoyote atakayopangiwa na msimamizi wake. "Hili, binti yangu, ni sharti lenye tumbo," akasema. "Haya mengine yote yaliyotangulia ni chakula chake."

Kutoka kwake nikaupata utaratibu ambao wengi wenu mliucheka, na ninyi mkiucheka nilikuwa nawasikia. Hakuna msaidizi aliyetia saini mbele yangu kabla sijamsomea masharti yote kwa sauti, kwa Kiswahili, mlango ukiwa umefungwa. Vijana walikuwa wakija na kalamu tayari imefunguliwa. Wamefaulu, wamechaguliwa, wamepiga simu nyumbani, wewe unawaambia keti nikusomee.

"Bi Zuhura, kwani hii ndoa?" aliniuliza mmoja.

"Ndoa ina talaka, baba. Tulia usikie."

Wakasikia, wakaitikia kwa vichwa, wakasaini. Sikumbuki hata mmoja aliyeiweka kalamu chini. Mtu mwenye njaa humwonyeshi mwiba wa samaki akakuachia samaki. Lakini Mzee Mdachi alikuwa akisema tunawasomea ili siku ya kuumia wajue waliumia wapi, na siku hiyo wajue mlango upi wa kugonga. Mlango wenyewe ulikuwa wetu. Nyuma yake palikuwa na watu wawili, stepla moja yenye kukwama, na mashine ya kuchapa iliyokula vumbi mpaka ikawa inakohoa karatasi.

Waligonga. Wa kwanza ninayemkumbuka vizuri alikuwa kijana wa uchumi, mpole, viatu vyake vimejaa udongo mweupe wa chokaa. Nilidhani ametoka kwenye utafiti vijijini. Kumbe ametoka Ihumwa, anasimamia mafundi wanaojenga nyumba ya daktari wake, yaani msimamizi wa tasnifu yake.

"Unasimamia mafundi kama nani?"

"Kama msaidizi, Bi. Daktari amesema ni kazi nyingine yoyote."

"Na semina zako?"

"Nazifanya mafundi wakila."

Mzee Mdachi alivaa koti lake, akaenda kwa daktari yule, wakafunga mlango. Alirudi akiwa ametulia. "Amesema hakumlazimisha," akaniambia. "Amemwomba. Sasa niambie, Zuhura, umewahi kumwona mwanafunzi akiombwa na msimamizi wake akasema hapana?" Kijana yule alimaliza shahada yake baada ya paa kuezekwa. Nasikia nyumba ni nzuri.

Mzee Mdachi alistaafu, akarudi kwao Gulwe kukaa karibu na reli, na mimi nikabaki na kiti chake. Kisha serikali ikahamia kwetu kweli kweli, wizara zikajengwa kule Mtumba, na kazi yetu ikabadilika kwa namna ambayo hakuna waraka ulioiandika. Zamani mwalimu akitaka warsha ilibidi asafiri siku nzima kwenda Dar es Salaam. Sasa warsha ilikuwa mwendo wa bodaboda. Kila wizara ilihitaji mtaalamu, kila mtaalamu alihitaji posho, na kila asubuhi magari ya walimu wetu yalielekea upande mmoja kama mifugo inayojua kisima kilipo. Mihadhara ikabaki. Nani aliitoa mnajua.

Hapo ndipo ninapomfikia Hawa, na kusema kweli yote niliyoandika mpaka hapa nilikuwa nazunguka tu.

Hawa alikuwa Mrangi kutoka Busi, Kondoa, mtoto wa wakulima, mwembamba, mwenye kicheko kinachoanzia puani. Alisoma shahada ya uzamivu kuhusu wavuvi wa Mtera: maji ya bwawa yakishuka, nani anapata pa kuvua na nani anaambiwa ahame. Alikaa huko Migoli, kando ya bwawa, na wavuvi mpaka akarudi ananuka moshi wa samaki. Nilimsomea masharti kama wengine. Yeye hakucheka. Aliniuliza swali moja: "Bi Zuhura, nikitaka kubadili msimamizi inakuwaje?" Nikamweleza ukweli, kwamba usaidizi umefungwa kwa msimamizi, ukimwacha yeye umeuacha, unaanza kuomba upya. Akasema, "Sawa," akasaini.

Msimamizi wake nitamwita Profesa tu, maana hivyo ndivyo anavyopenda.

Mwaka wa kwanza Hawa aliongoza semina za Profesa. Mwaka wa pili alitoa mihadhara yake "kwa wiki hii tu". Mwaka wa tatu masomo yote matatu ya Profesa yalikuwa kinywani mwa Hawa, na wanafunzi wa idara nyingine walikuwa wanakuja kusimama madirishani kumsikiliza. Alipita ofisini kwangu mara nyingi baada ya kipindi, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba mwanangu. Mbona midomo imekauka hivyo, umefunga?"

"Sijafunga. Nimetoka kufundisha."

"Profesa yuko wapi?"

"Mtumba. Warsha."

"Na juzi?"

"Mtumba."

"Na wiki ijayo?"

Kicheko kikaanzia puani. "Wiki ijayo Morogoro. Warsha imepanda cheo, sasa inalala hotelini."

Tulicheka. Lakini tasnifu ya Hawa ilikuwa imekwisha. Aliimaliza kabla ya masika, akampelekea Profesa aisome na kutia saini ili iende kwa watahini. Masika ikapita. Mahindi yakakauka mashambani. Chuo kimoja cha uvuvi kando ya ziwa kikamwandikia: kimemwona kwenye usaili, kinamtaka akafundishe, sharti lake moja tu, alete barua ya kukamilisha tasnifu kabla mwaka wao wa masomo haujaanza. Alinionyesha kwenye simu. Sijawahi kumwona mtu akitamani kazi namna ile. Alisema kule darasa liko hatua chache kutoka majini, wanafunzi wanafundishwa huku wanaona mitumbwi inarudi. Alishawaambia Busi. Mama yake alishawaambia Busi wengine.

Na Profesa hakusoma. Fikirini kidogo mtaelewa sababu, wala si ya chuki. Siku tasnifu ikiwasilishwa, usaidizi unakoma. Usaidizi ukikoma, nani atafundisha Jumatatu?

Nilimfuata ofisini kwake, siku moja ya bahati aliyokuwapo. Tasnifu ilikuwa mezani, imebeba kikombe cha chai.

"Karibu dada Zuhura, karibu sana. Mjini hawajambo?"

"Hawajambo Profesa. Nimekuja kwa ajili ya binti yetu Hawa. Ana nafasi ya kazi, na siku zinamwishia."

"Ninajua, ninajua. Kazi nzuri haisomwi kwa pupa, dada yangu. Sitaki mtoto akaaibike mbele ya watahini."

"Umefika wapi?"

Akainua kikombe, akafunua jalada. "Niko kwenye shukrani," akasema kwa furaha. "Amenishukuru vizuri mno."

Basi nikafanya nilichofundishwa kufanya: nikapeleka hoja kwenye kamati. Niliandika kipengele kimoja, kwamba msimamizi asipoirudisha tasnifu ndani ya mwezi, mwalimu mwingine ateuliwe kuisoma. Niliogopa Profesa ataipinga. Laiti angeipinga. Alisimama yeye wa kwanza, akarekebisha miwani, akazungumza vizuri kuliko nilivyowahi kusikia mtu akizungumza katika chumba kile. Alisema tunawanyonya watoto wetu. Alisema chuo kisicholinda wasaidizi wake kinakata tawi kilichokalia. Watu walimpigia makofi. Mimi nilipiga pia, mikono ilitangulia akili. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini na ya busara, kwamba kanuni njema haitazami nyuma, hivyo ianze na wale watakaodahiliwa mwaka ujao.

Ikapita hivyo. Ipo, mnaitumia. Wageni wakija kutukagua ndiyo ya kwanza tunayowaonyesha.

Hawa nilimwambia mwenyewe. Hakulia. Alivuta kiti.

"Bi Zuhura, sharti la kujitoa linasemaje?"

"Notisi ya mwezi, kwa maandishi. Unapoteza chumba, unapoteza msamaha wa ada. Unabaki mwanafunzi tu."

"Na yeye anapoteza nini?"

"Hapo masharti hayasemi."

"Anapoteza mtu wa Jumatatu," akasema. "Naomba karatasi."

Nilimpa. "Andika kwa heshima, mwanangu."

"Nitaandika kwa heshima mpaka ashindwe kumeza."

Alifundisha mwezi ule wa notisi mpaka siku ya mwisho; hakuna aliyeweza kusema aliwaacha wanafunzi. Kisha akahamisha sanduku lake hosteli, akaja kulala kwangu mjini, chumba kimoja na binti zangu. Jumatatu iliyofuata darasa lilijaa, likasubiri, likaanza kuimba. Kiongozi wao akaenda kwa mkuu wa idara, mkuu wa idara akapiga simu Mtumba, na watu wa warsha wakashuhudia Profesa akiondoka kabla ya chakula cha mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Sasa Profesa hakuwa na faida tena ya kuishikilia tasnifu. Mwisho wa wiki ulipopita tasnifu ilirudi imetiwa saini. Niliifungua ukurasa kwa ukurasa kutafuta masahihisho. Palikuwa na sahihisho moja: alama ya mkato, kwenye shukrani. Watahini nao walikuwa watu wema, hawakukawia, na walichoandika kuhusu kazi ile kingemfanya mzazi yeyote avae nguo za sikukuu.

Hawa alikipigia simu chuo cha uvuvi akiwa ofisini kwangu, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie habari njema.

"Ooh, dada Hawa," sauti ya mwanamume ikasema. "Tulikusubiri sana. Tulisogeza, tukasogeza tena. Mwenzio ameshaanza wiki iliyopita."

"Ameshaanza."

"Ndiyo dada. Lakini nafasi ikitokea tutakukumbuka."

"Asante sana, kaka. Kazi njema."

Akakata. Alikaa akiiangalia simu mpaka kioo kikazima chenyewe. Leo anafundisha sekondari Kondoa. Anasema wanafunzi ni wazuri. Hajawahi kuniambia kwamba ana furaha, na mimi sijamuuliza, kwa sababu ninaheshimu mtu asiyetaka kunidanganya.

Lakini iko siku moja nataka muijue, kwani mtakaa katika kiti kile na itawapata. Ilikuwa asubuhi Hawa alipokuja kuchukua barua yake ya kukamilisha. Niliinyoosha mezani, nikawa nafungua kidau cha wino. Mlango ukafunguliwa, akaingia Profesa.

"Hawa mwanangu! Hongera sana, daktari wetu. Nimesikia habari ya ile kazi, imeniuma." Na ilikuwa imemuuma kweli, usoni nilimwona. "Sasa kwa nini hukuniambia tu kwamba una haraka?"

Hawa alisimama kama tunavyosimama mbele ya wakubwa. "Shikamoo Profesa."

"Marahaba, marahaba. Bahati nimekukuta. Zile karatasi za mihadhara, wale vijana hawataki nifundishe kingine, wanasema wanataka ileile ya dada Hawa. Nilikuwa naomba unikabidhi."

Profesa akanigeukia, akitabasamu kwa kuniheshimu. "Bi Zuhura ndiye anayeyajua masharti kwa moyo. Yanasemaje juu ya vifaa vya kufundishia?"

Yanasema kwamba vifaa vyote alivyoandaa msaidizi wakati wa mkataba ni mali ya chuo. Nilimsomea Hawa kwa kinywa changu mwenyewe. Nimeshika kazi hii miaka yangu yote ya nguvu kwa kuamini kwamba masharti yakisomwa kwa sauti yanamlinda mnyonge, na asubuhi ile mnyonge alisimama akinitazama nifungue kinywa.

"Ni mali ya chuo," nikasema.

"Sawa," Hawa akasema, kwa sauti ileile aliyosema siku ya kusaini. Akafungua mkoba wake, akatoa bahasha, akampa kwa mikono miwili.

Profesa alichomoa karatasi. Zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa karibu tupu. Akavaa miwani, akasoma ya kwanza kwa sauti, sijui kwa nini. "'Mzee wa Migoli na wavu wake. Waulize. Ngoja wajibu.'" Akafunua ya pili. "'Maji yameshuka. Nani anahama? Kimya. Usijibu wewe.'" Akafunua nyingine, na nyingine, mpaka bahasha ikaisha.

"Na mihadhara yenyewe?"

"Ndiyo hiyo, Profesa."

"Hapana, namaanisha yale uliyokuwa unafundisha."

"Hayo nilikuwa nayasema."

Profesa alirudi kwenye karatasi ya kwanza. "Sasa huyu mzee wa Migoli," akauliza, kwa upole, kama mtu anayeomba aelekezwe njia, "ndiye nani?"

"Yumo kwenye tasnifu, Profesa," Hawa akajibu. "Sura ya tatu yote ni yake."

Nje mtu alikuwa anafagia ukumbi. Profesa alizipanga karatasi zile taratibu, kingo kwa kingo, akazirudisha kwenye bahasha, akasema, "Aa, ndiyo. Ndiyo, ndiyo. Yule mzee," akatuaga sote wawili kwa majina na kuufunga mlango nyuma yake polepole sana.

Niligonga muhuri kwenye barua ya Hawa. Wino ulikuwa mwingi. Tukaketi, mimi na yeye, tukisubiri ukauke. Hakuna hata mmoja wetu aliyecheka.